Zima Injini: boti za mizigo, wezi wa ziwani na doria iliyochelewa

Kisa hiki kilitokea upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Majina ya mialo (vituo vya boti ufukweni), visiwa, watu na kikosi cha doria nimeyaondoa, na tarehe nimezificha makusudi, maana baadhi ya waliohusika bado wanalala kando ya maji yale yale. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha wenye boti, daftari la safari nilikuwa nalishika mwenyewe. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

## Njia na boti zake

Kutoka mwalo wa bara mpaka kisiwa chenye soko ni kilomita 40 hivi. Boti zetu zilikuwa za mbao, ndefu, zenye injini moja ya nguvu za farasi 40. Boti ikishashiba sukari, soda, saruji, mabati na mikate, na abiria wamekaa juu ya magunia, haizidi kilomita 12 kwa saa. Safari nzima ni kama saa tatu na nusu.

Tuliondoka saa tisa usiku. Wakati huo ziwa limetulia, na soko la kisiwani hufunguka alfajiri. Ukifika saa nne asubuhi unakuta wenye maduka wameshanunua kwa mwenzako. Kurudi tulibeba mukene mkavu, yaani dagaa, na pesa taslimu. Watu wa mjini hutuuliza kwa nini tusitume pesa kwa simu. Tulijaribu. Ile kodi ya kutoa pesa kwenye simu iliyoanza mwaka 2018, hata baada ya kupunguzwa kuwa nusu ya asilimia moja, ukiijumlisha na ada ya wakala, kwa mtu anayezungusha mtaji mdogo kila wiki inauma. Isitoshe, wakala wa kisiwani huishiwa pesa siku ya soko yenyewe. Kwa hiyo pesa zilifungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuzikwa ndani ya gunia la mukene. Kila mtu mwaloni alilijua hilo, wezi wakiwemo.

Boti za doria zilikuwepo. Zilikuwa na kambi upande wa bara na kazi mbili: ulinzi wa maji, na kusimamia sheria za uvuvi, yaani nyavu haramu na sangara walio chini ya sentimita 50. Kazi hizi mbili kufanywa na boti moja ndiko kulikozaa karibu matatizo yote yaliyofuata, ingawa wakati ule sisi tuliona tuna shida ya wezi tu.

## Usiku wa kwanza

Ilikuwa kama saa kumi na nusu, kilomita 22 hivi kabla ya kisiwa. Nahodha alisikia injini mbili zikija kwa nyuma, kisha tochi kali ikampiga usoni.

"Zima injini! Kaeni chini wote!"

Alizima. Nilimhoji mara tatu baadaye na jibu lake halikubadilika: aliyeongea aliongea kama afande. Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa inabidi aelewe jambo moja kuhusu Uganda. Nahodha wetu nyumbani anasema Kiganda, na mwaloni anachanganya lugha tano. Lakini Kiswahili cha amri, kifupi, kisicho na tafadhali, kwa watu wa rika lake ni lugha ya magwanda. Ukiambiwa usiku "zima injini" kwa Kiswahili, mkono unazima kabla kichwa hakijafikiri. Wezi walivaa makoti ya mvua ya rangi ya kijani kibichi, basi. Hayo, tochi na lugha vilitosha.

Walikuwa saba kwenye mitumbwi miwili, na bunduki iliyoonekana ilikuwa moja. Walichukua simu zote, wakachoma magunia ya watu kwa kisu mpaka wakazipata pesa za mfanyabiashara aliyekuwa anakwenda kununua samaki, kisha wakafungua injini. Tanboi, msaidizi wa nahodha, kijana wa miaka kama 18, alishika mkono wa injini akaukumbatia. Walimpiga kasia la bega. Injini iliondoka na boliti zake. Mipira ya mafuta waliikata kwa meno ya koleo, nikaiona asubuhi ikiwa imepondeka ncha kama majani yaliyotafunwa.

Watu 19 waliachwa wakielea bila injini wala simu. Kasia lilikuwa moja, nalo limepasuka.

## Simu ilipigwa saa ngapi

Wavuvi wa mukene waliokuwa wanarudi na taa zao waliwakuta kunapambazuka. Mmoja wao alikuwa na simu lakini mtandao hakuna. Ilibidi wasogee mpaka wakione kisiwa ndipo ikashika. Mwenye boti alinipigia saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nilipiga kambini mara moja. Boti ya doria iliondoka saa moja na dakika kumi, kwa sababu mafuta yalikuwa yamefungiwa na mwenye ufunguo alikuwa hajaamka, ikafika saa mbili kasorobo.

Tangu wizi mpaka doria kufika ni saa tatu na robo. Mtumbwi mwepesi wenye injini ya farasi 40 unaweza kwenda kilomita 28 kwa saa. Robo saa baada ya wizi, mwizi yuko popote ndani ya duara la kilomita 7 kila upande, yaani kilomita za mraba kama 154. Hapo boti mbili za doria zina nafasi ya kumwona. Baada ya saa moja duara limekuwa kilomita za mraba zaidi ya 2,400, tena limejaa visiwa na mafunjo. Baada ya saa tatu, ukiendelea kutafuta unachoma mafuta ya serikali bure, na afisa aliyekuja alituambia hivyo kwa uso mkavu. Tulimchukia siku ile. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

## Wiki mbili baadaye, kosa la upande wa pili

Habari zilienea mialo yote. Nahodha wa boti nyingine, mtu mwangalifu, aliapa kwamba yeye hasimami. Usiku mmoja akasikia injini nyuma yake, tochi, na sauti ile ile: "Zima injini!" Akafungua mafuta yote.

Ilikuwa doria ya kweli.

Walifyatua risasi hewani. Abiria wote wakakimbilia ubavu mmoja wa boti, boti ikainama, maji yakaingia. Magunia tisa ya sukari yalitupwa ziwani ili isizame. Hakuna aliyekufa, na hilo ni bahati tu. Askari walipopanda walikuwa na hasira za mtu aliyekimbiwa, na nahodha akalala kambini siku mbili akishukiwa kubeba samaki wachanga.

Siku ya nne baada ya hapo, boti ya tatu ilisimamishwa. Nahodha aliyesikia habari zote mbili aliamua kuzima. Walikuwa wezi.

## Tulichoamua kwenye banda la samaki

Tulikutana bandani: wenye boti, manahodha, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), wafanyabiashara wanne, na kamanda wa kambi aliyekuja na daftari lake. Kamanda alikuwa mtu wa kusikiliza, na bila yeye nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kwanza tulipanga msafara. Boti zote za siku ya soko ziondoke pamoja, zikienda kwa mwendo wa iliyo nzito kuliko zote. Wazo hili halikuwa geni kwa kamanda, ambaye alikuwa amesomeshwa mambo ya Ghuba ya Aden, kaskazini mwa Somalia. Huko, tangu mwaka 2009, manowari za mataifa mbalimbali zilikuwa zinalinda ushoroba mmoja uliopangwa badala ya kufukuzana na maharamia bahari nzima. Meli zilipewa saa ya kuingia kulingana na mwendo wake, ili zote zipite sehemu ya hatari zaidi kwa pamoja. Alituambia pia kwamba ile meli ya mizigo Maersk Alabama iliyotekwa Aprili 2009 ikielekea Mombasa ilikuwa na shehena ya msaada, na sehemu ya msaada huo ilikuwa ya Uganda. Wazee bandani waliguna. Hawakujua kwamba nchi isiyo na pwani inaweza kuporwa baharini.

Pili, saa ya kuondoka tuliisogeza mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hili lilipingwa vikali, na lilipita kwa sababu kamanda alisema wazi kwamba hatoweza kuleta boti saa tisa usiku kila wiki.

Tatu, na kwangu hili ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote, doria ilikubali kutosimamisha boti ya mizigo katikati ya maji gizani. Ukaguzi ufanyike mwaloni kabla ya kupakia, na tena kisiwani baada ya kufika. Atakayesema "zima injini" usiku kwenye maji makuu ahesabiwe mwizi; nahodha aendelee, apige simu, aelekee mwalo wa karibu. Kamanda aliona hatari upesi kuliko sisi: wanaobeba sangara wachanga wataupenda sana mpango huu. Alikubali baada ya sisi kumkumbusha zile gunia tisa za sukari na jinsi abiria walivyonusurika.

Nne, doria isizunguke. Siku ya soko ikae imezima injini nyuma ya kisiwa kidogo kisicho na watu, katikati ya njia. Boti yenye injini mbili za farasi 200 ikikimbia kwa nguvu zote hula zaidi ya lita 100 za petroli kwa saa. Ikikaa haili kitu, na kutoka pale ingeweza kufika popote kwenye njia yetu kwa chini ya nusu saa.

Tano, kila injini iandikwe namba yake kwenye daftari langu, na fundi wa mwaloni aiwekee alama yake ya siri.

## Miezi minne

Katika miezi minne ya kwanza hakuna boti iliyoporwa ikiwa ndani ya msafara. Mara moja mitumbwi miwili ilionekana ikija. Boti ya doria ikawasha injini nyuma ya kisiwa, na ule mngurumo peke yake ukatosha kuigeuza.

Boti moja iliporwa nje ya msafara. Ilichelewa kupakia saruji, ikaondoka dakika 40 nyuma ya wenzake, na wezi walikuwa wanaisubiri. Walijuaje? Ratiba ya msafara nilikuwa nimeibandika mimi mwenyewe kwenye nguzo ya banda, kwa kalamu nzito, saa ya kuondoka na majina ya boti. Nilidhani nafanya kazi nzuri ya ukatibu. Yeyote aliyepita pale angeweza kuhesabu boti zilizotoka na kujua ipi imebaki. Tangu siku hiyo saa ikawa inatajwa kwa mdomo, jioni ya kuamkia safari, na boti iliyochelewa hailipiwi tiketi za abiria mpaka wiki ijayo.

Kisha yakaja mambo ya mafuta. Mwezi wa pili kambi iliishiwa. Wafanyabiashara wakubwa walijitolea lita 20 kwa kila msafara ili doria isikose. Nilikubali haraka, nikashukuru. Mwezi wa tatu ile hisani ilikuwa imeshakuwa ada, na mwenye boti ndogo asiyechanga akaanza kuambiwa msafara umejaa. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka mikate na mandazi kwa boti ya kukodi aliniuliza: "Katibu, siku hizi askari ni wa serikali au ni wa wenye sukari?" Sikuwa na jibu. Mwezi wa nne boti ndogo tatu zilirudia kuondoka saa tisa usiku, peke yao.

## Injini yenye kiraka

Mtu pekee aliyekamatwa alikamatwa nchi kavu. Fundi wetu alikwenda kumzika shangazi yake kwenye mwalo mwingine, mbali kidogo, akaona mtumbwi umevutwa mchangani. Injini yake ilikuwa imekwanguliwa namba. Lakini chini kwenye mkia, karibu na panga boi, kulikuwa na kiraka cha aluminiamu alichokichomelea yeye mwaka uliopita baada ya injini kugonga jiwe. Alikipapasa kwa kidole gumba, akasema, kama mama anavyopapasa kovu la mwanawe. Hakusema neno. Alirudi msibani, akala, akanipigia usiku.

Polisi walimkamata aliyekuwa na mtumbwi ule. Kilichofuata ndicho kilichotuchosha kuliko wizi wenyewe. Tulidhani atashitakiwa kwa uharamia. Wakili wa serikali akatueleza: kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 101, uharamia ni kosa la bahari kuu, au mahali pasipo chini ya mamlaka ya nchi yoyote. Ziwa Victoria lote limegawanywa kati ya Uganda, Kenya na Tanzania. Hakuna hata ndoo moja ya maji isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo wale ni wanyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo Uganda husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Hakimu wa wilayani anamsomea tu mshitakiwa, faili linasubiri.

Mashahidi wetu walisafiri kwenda bara mara tano kwa nauli zao. Mara nne kesi ikaahirishwa. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba uso aliouona nyuma ya tochi ndio huu. Mwishowe shitaka lililobaki lilikuwa la kupokea mali ya wizi.

## Kilichofanya kazi, na kilichoshindwa

Nikiulizwa msafara ulisaidiaje, nitasema ulisaidia kwa dakika. Meli kubwa ya baharini ina njia za kununua muda: inakwenda mbio, inazungushiwa seng'enge, mabaharia wanajifungia kwenye chumba imara mpaka msaada ufike. Miongozo waliyopewa manahodha wa Ghuba ya Aden ilieleza kwamba hakuna meli iliyoripotiwa kupandwa na maharamia ikiwa inakwenda zaidi ya noti 18, yaani kama kilomita 33 kwa saa. Boti ya mbao yenye saruji haifiki hata nusu ya mwendo huo, na haina chumba cha kujifungia. Dakika ambazo boti haiwezi kuzinunua, doria lazima izilete yenyewe kwa kuwa karibu. Ndiyo maana kuiweka nyuma ya kisiwa kulishinda miezi mingi ya kuzunguka, tena kwa mafuta machache.

Makubaliano ya kutosimamisha boti gizani yalifanya kazi kwa njia ambayo sikuitarajia. Yaliwapokonya wezi silaha yao kubwa, ile sauti. Nadhani tulikuwa tunahesabu bunduki bure. Ilikuwa moja, na kwenye visa saba hivi vya wizi nilivyosimuliwa haikufyatuliwa hata mara moja. Lakini makubaliano yalisimama juu ya mtu mmoja. Kamanda alipohamishwa, aliyekuja alikuta mazungumzo ya mdomo tu, hakuna karatasi. Wiki yake ya pili alisimamisha boti saa kumi na moja na nusu, kwenye maji makuu, kutafuta samaki wachanga. Aliwapata, tena gunia mbili. Kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa, na manahodha wetu kuanzia siku hiyo hawakujua tena wasimame au wakimbie. Kuandika makubaliano yale na kuyapeleka kwa wakubwa wake wa wilaya ilikuwa kazi ya katibu. Sikuifanya.

Upande wa simu tulishindwa mapema zaidi. Nilipopekua daftari nilikuta kwamba kabla ya usiku ule wa kwanza, wavuvi wadogo walikuwa wameporwa injini mara nne bila kuripoti kambini. Niliwauliza. Wawili walikuwa na nyavu zenye matundu madogo. Mtu wa namna hiyo akiporwa, boti ambayo angeiita imwokoe ndiyo ile ile itakayochoma wavu wake. Akachagua kunyamaza, na wezi wakapata miezi ya kujifunza njia zetu bila mtu kuwasumbua.

Na mpaka wa nchi ulikuwepo kila wakati. Doria yetu ikifika kwenye mstari inageuza. Somalia, mwaka 2008, ilibidi Baraza la Usalama lipitishe azimio namba 1816 ili manowari za kigeni ziruhusiwe kuwafuata maharamia ndani ya maji ya Somalia, tena kwa ridhaa ya serikali ya huko. Kamanda wa boti moja ziwani hana azimio mfukoni. Anakumbuka Migingo, mwamba mdogo uliozozanisha Uganda na Kenya miaka na miaka, na anaona heri mwizi wa injini aende zake. Mimi simlaumu. Nilichoweza kufanya ni kutuma namba za injini kwa viongozi wa mialo ya Kenya na Tanzania, kwa simu, kwa Kiswahili kile kile. Injini mbili zilirudi kwa njia hiyo, bila mahakama, kwa kulipa gharama ya fundi na chai ya wazee wa mwalo.

Msafara bado unaondoka siku ya soko, boti tano au sita, saa kumi na moja. Uchangaji wa mafuta tuliufuta baada ya mkutano uliodumu mpaka usiku. Kambi sasa huleta boti wiki ambazo ina mafuta, na wiki ambazo haina hutuambia jioni ili kila mtu aamue mwenyewe. Injini yenye kiraka iko stoo ya vielelezo polisi, imefungwa karatasi yenye namba ya kesi. Mwenyewe alinunua nyingine kwa mkopo, akaipeleka kwa fundi kwanza kabla ya kuifunga kwenye boti.